Mama na Mwanawe wa Osogun

Tukisikia ya kwamba mtu ameyaacha maisha yake ya kale kwa ajili ya imani, mara nyingi twadhani ni kazi ya siku moja, kama mtu avuavyo nguo kuukuu. Lakini tukizitazama habari za wale waliotutangulia, twaona kuwa yafanana zaidi na kufyeka mwitu: mti mmoja leo, na mwingine kesho.

Hapo kale katika nchi ya Wayoruba, Afrika ya Magharibi, palikuwa na mji jina lake Osogun. Katika mwaka 1821 adui waliushambulia mji huo, wakamteka kijana mmoja, Adjai, pamoja na mama yake na maumbu zake. Kisha wakatenganishwa. Adjai akauzwa mara nyingi, hata katika Aprili 1822 akapakiwa katika jahazi ya Wareno huko Lagos. Merikebu za vita za Waingereza zikaikamata jahazi ile, na watumwa wakapelekwa Sierra Leone, wakawekwa huru.

Huko Adjai akajifunza kusoma, na useremala pia. Ndipo alipotambua ya kuwa uko utumwa mwingine ulio mbaya kuliko ule wa minyororo, nao ni utumwa wa dhambi. Tarehe 11 Desemba 1825 akabatizwa, akaitwa Samuel Crowther. Katika mwaka 1843 akapewa ukasisi mjini London.

Katika mwaka 1846 akafika Abeokuta, katika nchi yake mwenyewe, kuhubiri Injili. Tarehe 21 Agosti mama yake akaja kwake. Walikuwa hawajaonana kwa muda wa miaka 25. Mama alitetemeka, asiyaamini macho yake. Wakashikana, wakatazamana kimya, machozi yakimtiririka.

Twaweza kudhani ya kuwa mama huyu alibatizwa siku ile ile kwa furaha ya kumpata mwanawe. La, sivyo. Alikuwa mzee, amelelewa katika ibada za wazee wake, wala machozi ya furaha si imani. Ilipita kama mwaka mmoja na nusu, na katika Februari 1848 ndipo alipobatizwa, akaitwa Hana, kwa jina la mama yake Samweli wa Biblia. Basi, mwana aliyeibiwa alikuja kumwonyesha mama yake njia, naye mama akaishika kwa miguu yake mwenyewe.

Tena tuangalie neno jingine. Crowther aliacha mambo ya kale, lakini hakuacha watu wake wala lugha yao. Alitunga kitabu cha maneno ya Kiyoruba, akaongoza kazi ya kuitafsiri Biblia katika lugha ile. Katika mwaka 1864 akawekwa kuwa Askofu, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Uingereza, akafa mwaka 1891.

Nasi katika vijiji vyetu tunao wazee wasioamini bado, na pengine twawaonea haya, au twawaharakisha kwa maneno makali. Tukumbuke ile miezi kumi na minane ya Abeokuta. Tukae nao, tuwatunze, tuwafundishe kwa lugha waliyotunyonyesha nayo. Jembe ni letu, bali kuotesha ni kwa Mungu.