Mtihani wa Maarifa: Hatua ya Kwanza Kuelekea Cheti cha Kidato cha Nne

Mwananchi aliyehitimu darasa la saba bila kuendelea na sekondari, au aliyekatiza masomo kabla ya kufaulu upimaji wa kidato cha pili, bado ana njia rasmi ya kupata cheti cha kidato cha nne. Njia hiyo huanza na Mtihani wa Maarifa, unaofahamika kwa kifupi kama QT, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Hata hivyo, kufaulu QT hakulingani na kuwa na cheti cha kidato cha nne. Mtihani huo humpa mhusika sifa ya kujisajili kwa Mtihani wa Kidato cha Nne (CSEE) akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anayeishia QT hawezi kuyatumia matokeo hayo kuomba nafasi ya kidato cha tano, wala kazi inayodai elimu ya kidato cha nne. Kwa kuwa mitihani yote miwili hufanyika mwezi Novemba, safari hiyo huhitaji walau misimu miwili ya mitihani.

Katika CSEE, mtahiniwa wa kujitegemea hupimwa kwa viwango vilevile vya mwanafunzi wa shule, na cheti chake kina uzito uleule. Tofauti ni kwamba hana alama za upimaji endelevu za kumwongezea. Matokeo yake hutegemea mtihani wa mwisho pekee. Alama D huanzia 30 na C huanzia 45. Anayelenga kidato cha tano hana budi kupata angalau C tatu, na asiyezifikisha anaruhusiwa kurudia mtihani.

Wanaohitaji msaada wa masomo wanaweza kuupata katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa mwaka 1975. Aidha, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurejea shuleni. Kwa asiyeweza kurudi darasani, QT inabaki kuwa njia iliyo wazi.

Usajili hufanyika kupitia vituo vya watahiniwa wa kujitegemea, miezi kadhaa kabla ya mtihani. Waombaji wanapaswa kufuata tangazo la NECTA la mwaka husika kuhusu ada na siku ya mwisho, na kuhakikisha kwamba majina wanayojisajilia ndiyo watakayotaka yaonekane kwenye cheti.