Nyuki Hakuvunja Sheria Yoyote

Umeiona kwa stetasi ya mtu, pengine uliituma wewe mwenyewe: eti kisayansi nyuki hafai kuruka, mwili mzito, mabawa madogo, lakini kwa sababu yeye hajui hilo, anaruka tu. Halafu inafuata ile ya "na wewe usisikize wanaosema haiwezekani." Inapendeza kusoma. Shida ni uongo, na uongo huu una historia.

Mwaka wa 1934 Mfaransa Antoine Magnan alitoa kitabu kuhusu kuruka kwa wadudu. Kwenye utangulizi akaandika kwamba yeye na mwanahisabati André Sainte-Laguë walitumia kanuni za hewa kwa wadudu, wakapata jibu kwamba hawawezi kuruka. Sasa hebu fikiria. Magnan alikuwa anawaona wadudu wakiruka kama tu wewe. Hesabu ile ilionyesha kitu kimoja: kanuni zinazofaa bawa la eropleni, lililokaa tuli, hazitoshi kueleza bawa linalopigapiga. Watu wakabeba sentensi, wakaacha maana yake.

Jibu zuri lilikuja miaka 62 baadaye. Mwaka wa 1996 Charles Ellington na wenzake pale Cambridge, Uingereza, walitumia moshi kuona hewa inavyopita kwa mabawa ya nondo. Wakaunda pia nondo wa mashine, mkubwa mara 10, anayepiga mabawa polepole ili kila kitu kionekane.

Siri ilikuwa kwa umbo na mwendo. Bawa la mdudu ni jembamba, na ukingo wake wa mbele ni mkali, tofauti na ule mviringo wa eropleni. Likipigwa likiwa limeinama sana, hewa hujikunja juu ya ukingo huo na kuwa kisulisuli kidogo. Ndani yake presha ya hewa iko chini, kwa hivyo bawa linavutwa juu. Eropleni ikiinua pua hivyo, hewa inaachana na bawa na ndege inaanza kushuka. Kwa mdudu, kisulisuli kinabaki hapo pigo zima, kisha bawa linageuka na kuanza lingine.

Zamu ya nyuki ilifika 2005. Watafiti wa Caltech, Marekani, walimrekodi kwa kamera ya kasi wakakuta anapiga mabawa kama mara 230 kwa sekunde, kwa mwendo mfupi wa karibu digrii 90. Tena ana mabawa manne, lakini la mbele na la nyuma hushikana kwa vikulabu vidogo sana, kila upande ukafanya kazi kama bawa moja pana.

Mbona nachemka juu ya nyuki? Kwa sababu hadithi hii inamwambia mtoto wa kidato cha tatu kwamba hesabu ni adui wa ndoto zake. Lakini walioendelea kupiga hizo hesabu ndio, mwaka wa 2013, walitangaza pale Harvard roboti ya miligramu 80 inayopaa kwa kupiga mabawa. Jibu la "haiwezekani" liliwafanya watu waulize wamesahau kuhesabu nini. Hiyo ndiyo motisha ninayoitaka mimi.

Ukiiona tena ile stetasi kwa grupu ya familia, usigombane na shangazi. Mtumie hii tu.