Matone Mawili Mpakani Manyovu

Wilaya ya Buhigwe, mkoani Kigoma, na Burundi zimetenganishwa na mpaka, lakini watu wanaelewana. Muha wa Manyovu akisema Kiha chake, Mrundi humjibu kwa Kirundi na mazungumzo yakasonga bila mkalimani. Huuziana maharage na ndizi, huoana, huzikana. Njia hizohizo za ujirani ndizo ambazo kirusi cha polio hupitia, na ndiyo maana historia ya klabu iliyozaliwa Chicago ina ukurasa wake katika milima ya Kigoma.

Tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao, wakaanzisha klabu hiyo, Rotary. Afrika Mashariki klabu ya kwanza ilifunguliwa Nairobi mwaka 1930, enzi za walowezi. Waafrika walibaki nje ya mlango kwa muda mrefu, na wanawake hawakuruhusiwa kujiunga rasmi duniani kote hadi 1989. Lazima haya yasemwe, kwa sababu sifa zilizofuata hazifuti yaliyotangulia.

Kilichoipa Rotary heshima yake ya leo ni polio. Mwaka 1979 klabu zilianza kugharimia chanjo ya watoto wapatao milioni 6 nchini Ufilipino. Mwaka 1985 zikajiwekea lengo la kuchanga dola milioni 120 kwa ajili ya dunia nzima. Kufikia 1988 zilikuwa zimepata dola milioni 247. Fedha hizo zilitoka kwenye mikutano ya kawaida kabisa ya chakula cha mchana, kengele ikilia, mweka hazina akisoma hesabu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine walijiunga katika mpango mmoja. Wakati huo polio ilikuwa ikilemaza watoto wapatao 350,000 kila mwaka.

Kwa Kigoma, mwaka wa kukumbuka ni 1996. Nelson Mandela alizindua kampeni ya kuiondoa polio Afrika, Rotary ikiwa bega kwa bega naye. Tanzania ikapata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili. Na huko Kasulu ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Maelfu ya watoto wakaanza maisha kambini, na baadaye Warundi wakajaa Kibondo vilevile. Penye msongamano, maji machache na vyoo vya kugombania, mtoto asiyechanjwa huwahatarisha na wenzake.

Afrika ilitangazwa huru na polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020. Lakini Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kirusi cha aina ya pili, kile kinachotokana na chanjo yenyewe pale jamii isipochanjwa vya kutosha, na baadaye kikaonekana mkoani Rukwa, Tanzania. Septemba mwaka huo Tanzania ikaendesha kampeni katika mikoa 6, Kigoma ikiwemo, kwa watoto wa chini ya miaka 8. Umri huo ulikuwa na sababu: Aprili 2016 dunia iliondoa kinga ya aina ya pili kwenye matone ya kawaida, hivyo waliozaliwa baadaye hawakuipata kwa njia hiyo.

Kazi yenyewe hufanyika kwa miguu. Mchanjaji hubeba begani kisanduku chenye barafu, hupanda na kushuka vilima, hubisha hodi nyumba hadi nyumba. Mtoto hupanua kinywa, matone mawili huangushwa ulimini, kisha kidole kidogo cha mkono wa kushoto hupakwa wino ili asirudiwe. Ukutani huandikwa kwa chaki kwamba nyumba imefikiwa. Klabu zimeandikiwa vitabu. Wachanjaji hawa na mama waliowafungulia milango hawajaandikiwa, nami naona hilo ni deni la waandishi wa historia wa mkoa huu.

Michango ya Rotary inaendelea hadi leo, kwa kuwa kirusi cha asili bado kinazunguka Afghanistan na Pakistan.