Sakafu Inayokula Mafuta

Ukishuka basi Kiranjeranje, kwenye barabara kuu ya kwenda Lindi, utaingia nyumba nyingi kabla hujakanyaga sakafu ya mbao. Chini ni udongo au saruji. Jambo hili huniuma kila nikienda, maana misitu ya wilaya hii ya Kilwa ina mninga, mkongo na mpangapanga, na huo mpangapanga, wenye moyo mweusi uliochorwa michirizi myembamba ya kahawia, Ulaya hutandikwa sebuleni. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, humuhumu wilayani, vilipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu wa misitu, vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mti tunao, na kuuvuna kwa utaratibu tunakujua. Kuukanyaga ndiko tumewaachia wengine.

Utunzaji wa mbao, hata hivyo, si mgeni kwetu. Uko pwani. Nenda Kilwa Kivinje maji yakiwa yamekupwa, ukamtazame fundi aliyechutama chini ya jahazi. Anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu, pigo kwa pigo, mpaka sauti ya nyundo ibadilike. Hapo anajua pamba imeshika. Huko ndiko kukalafati. Kisha mbao za juu hupakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake hukaa kwenye nguo wiki nzima, na za chini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa kuzuia wadudu wa baharini. Jahazi halipakwi mara moja likasahauliwa. Kila likikaushwa, linapakwa tena.

Wajapani hufanya jambo la jamaa moja na hilo ndani ya nyumba. Pumba za mchele hufungwa kwenye kifuko cha kitambaa, ubao ukasuguliwa nacho. Mafuta ya pumba huingia kidogo kidogo, na miaka inavyokwenda ukumbi hung'aa kwa mng'ao wa ndani. Wadenishi wao hutumia sabuni. Huikoroga kwenye maji ya moto na kuosha nayo mbao nyeupe za msonobari, sabuni ikajaza vinyweleo vya mti. Papa, mpunga na sabuni havina udugu, lakini vyote huingia ndani ya ubao, na vyote hudai mkono urudi.

Vanishi hukaa juu. Inapendeza siku ya kwanza, sikatai. Ikichubuka, maji hupenya chini yake na kukosa pa kutokea, nawe huwezi kuziba palipochubuka peke yake pasionekane kiraka. Itabidi upige msasa chumba kizima, na kila msasa unakula mti. Ubao wa unene wa sentimita mbili hauna misasa mingi.

Ubaya huo wa vanishi niliujua ghorofani kwa mjomba wangu, Kivinje. Paa lilivuja masika mbili juu ya mbao zilizopakwa vanishi. Zilikuwa bado zinameta, ila ncha ya kisu ilizama kama kwenye boga bovu. Tulikuwa tayari kuing'oa sakafu yote tumwage zege, na hapo ndipo fundi seremala alipotukatalia. Zege ni zito, akasema, nalo litafungia unyevu kwenye boriti. Chokaa walichotumia wazee badala ya zege kiliacha boriti zipumue. Kwanza akatupandisha kuziba paa. Halafu akakata mbao zilizooza tu, akarudi nyuma mpaka katikati ya boriti ili kipande kipya kipate pa kulala. Mkongo mpya ulikuwa mnene kuliko mbao za zamani. Nilidhani ataupiga randa juu. Akaugeuza, akaupunguza kwa chini, pale tu unapokalia boriti, na uso wake haukuguswa. Ukutani aliacha nafasi ya upana wa kidole, kwa kuwa mbao hutanuka masika.

Nilipendekeza mafuta ya nazi, tunayo tele. Akakataa: hayakauki, yanabaki yakinata na kushika vumbi. Tukapaka mafuta ya kitani, ambayo hewa huyagandisha, na juu yake nta ya nyuki kidogo sana.

Bibi yangu wa Kiranjeranje hajawahi kuishi kwenye mbao. Sakafu yake ni udongo wa kichuguu, anaoukanda na maji na kuusiriba kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Pakibomoka, anaziba pale pale. Alipokuja kuona kazi yetu alivua kandambili juu ya ngazi, akainama, akapitisha kiganja kwenye ubao mpya na wa zamani.

"Imekaa vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Mnaisiriba tena lini?"