Kuua na kuzuia

Muuza dawa za asili atakwambia mwarobaini "unaua vijidudu". Magazeti nayo huandika hivyohivyo kila utafiti wa mitishamba unapotangazwa. Neno hilo ni zito kuliko kile ambacho mara nyingi maabara imekiona.

Katika kipimo cha kawaida, bakteria, tuseme Staphylococcus aureus wa majipu, hupakwa juu ya agari, jeli yenye chakula chao, kwenye kisahani. Vipande vya karatasi vya mviringo, kila kimoja milimita 6, huwekwa juu: kimoja kimelowa dawa iliyotolewa kwenye majani, kingine antibiotiki inayojulikana, kingine kiyeyushi kitupu. Kisahani hulazwa usiku kucha kwenye nyuzi 37. Asubuhi bakteria wametanda kama ukungu, ila kuzunguka karatasi kuna duara tupu, linalopimwa kwa rula.

Duara hilo linathibitisha kuzuia. Bakteria wa pale huenda wamekufa, huenda wamedumaa tu. Ili kusema "imeua", mtafiti huwahamishia kwenye chakula kipya kisicho na dawa. Wakiota, walikuwa hai. Hatua hiyo hugharimu muda na fedha, na tafiti nyingi huishia kwenye duara.

Tofauti hii inaniuma, kwa sababu mwenye kidonda akisoma "unaua" anaweza kuacha vidonge vyake. Na kisahani hakina ini wala figo za kudhurika. Wahariri, andikeni: "ulizuia bakteria kuota maabara".