Gari la spoti: Nguvu ziende nyuma au magurudumu yote?

Kwa miaka mingi, magari mengi ya kifahari ya spoti yaliundwa kwa kanuni moja: injini husukuma magurudumu ya nyuma, nayo ya mbele huachiwa kazi ya kuelekeza gari. Kanuni hiyo ina mantiki. Dereva akanyagapo mafuta, uzito huegemea nyuma na tairi za huko zikaikamata barabara vyema zaidi. Usukani nao hubaki msikivu, kwani tairi za mbele zina kazi moja tu.

Kasoro hujitokeza mvua inaponyesha. Nguvu zikizidi uwezo wa tairi hizo mbili, huzunguka bure, mkia wa gari ukachepuka na pengine gari zima likageukia lilikotoka.

Hapo ndipo mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne hufaa. Kampuni ya Audi ya Ujerumani iliuonyesha mwaka wa 1980 katika gari lake la Quattro. Mnamo 1989, Porsche nayo ikauingiza katika 911, gari ambalo tangu miaka ya 1960 lilikuwa likiuzwa likiwa na msukumo wa nyuma pekee. Nguvu zikigawanywa kwa tairi nne, gari hung'oka bila kuteleza.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama. Vyuma vya ziada huongeza uzito. Mathalan, Lamborghini Huracán LP 580-2, inayosukumwa nyuma, ilikuwa na uzito wa kilo 33 chini ya mwenzake wa magurudumu manne, LP 610-4. Lakini LP 610-4, iliyokuwa pia na injini yenye nguvu zaidi, ilifikia kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.2, ilhali LP 580-2 ilihitaji sekunde 3.4.

BMW ilitafuta suluhu mwaka wa 2017: M5 ya mwaka huo husukuma magurudumu yote, ila dereva anaweza kuchagua ya nyuma pekee.

Lakini mnunuzi asihadaike. Mfumo huu husaidia gari kuondoka, si kusimama. Magari ya aina zote mbili hufunga breki kwa magurudumu manne, na kinacholizuia gari ni tairi zake. Dereva aliyeongeza kasi kwenye lami yenye maji kwa kuwa halikuteleza lilipoondoka, huenda akagundua kosa lake konani, akiwa amechelewa. Tairi nzuri na mwendo wa kadiri ndiyo kinga ya kwanza.