Mama wa Kisii Mbele ya Mchoraji

Mwaka 1814 Mfaransa Ingres alichora mwanamke wa jumba la sultani akiwa amejilaza uchi, ilhali hakuwahi kukanyaga nchi ya Waturuki. Mchoraji mwenzake Delacroix aliwaona wanawake wa Algiers kwa macho yake kabla ya kuwachora mwaka 1834, na Gauguin alihamia Tahiti. Hata hivyo wote watatu walimchorea mtazamaji wa Paris, na mwanamke wa mbali akawa kile alichotamani mtazamaji huyo.

Kenya ilimpata mchoraji wa namna nyingine. Joy Adamson, mzaliwa wa milki ya Austria, aliingia nchini mwaka 1937, miaka mingi kabla ya simba Elsa kumletea sifa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya asili, kwa kuwa mavazi hayo yalikuwa yanatoweka. Alichora mamia ya picha, za Wakisii, yaani Wagusii, zikiwemo, na mwaka 1967 baadhi zilitoka katika kitabu chake The Peoples of Kenya.

Lakini mavazi hayo hayakutoweka yenyewe. Katika nchi ya Wagusii, wamisheni Wakatoliki walikuwa Nyabururu tangu 1911, na Waadventista wakapiga kambi Nyanchwa muda mfupi baadaye. Mwanamke aliyebatizwa alitakiwa avue mapambo ya zamani. Serikali iliyowalinda wamisheni ndiyo hiyohiyo iliyomlipa mchoraji ayaokoe mapambo hayo kwenye karatasi.

Adamson alichora ngozi, shanga na vyuma kwa uangalifu mkubwa, na anastahili shukrani. Kasoro iko kwenye maelezo ya picha: kabila na hadhi ya mtu vinatajwa, jina lake mara nyingi halipo. Kwa Mgusii hilo ni pengo kubwa. Ebitinge, pete za chuma alizovishwa mke miguuni wakati wa sherehe ya enyangi, zilitangaza kwamba ndoa yake imekamilika na haivunjwi. Pete hizo zilikuwa za mke fulani, wa boma fulani.

Na Wagusii hawakukosa desturi ya kutunza majina ya wanawake. Moraa, nabii aliyemhimiza mpiganaji Otenyo amchome mkuki afisa wa kikoloni Northcote mwaka 1908, anatajwa hadi leo Kisii na Nyamira, bila kuhitaji picha ya Mzungu.

Huko Tabaka, katika nchi hiyohiyo ya Wagusii, sasa sanamu za mama na mtoto huchongwa kwa mawe laini ya Kisii. Wanaume ndio wachongaji wengi. Wanawake huzisugua kwa msasa na maji mpaka zing'ae. Sanamu hizo nazo husafiri kwenda Ulaya bila majina ya waliozing'arisha.